Nguo za ndani za kuunda umbo, 1947–1962: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa fundi cherehani aliyeletewa picha ya gauni la miaka ya 1950, kwa mvalishaji wa waigizaji, na kwa yeyote anayependa kuvaa mitindo ya enzi hizo. Maswali yamepewa namba. Jibu likihitaji jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya kwanza

1. Tukisema "nguo za kuunda umbo" tuna maana ya zipi hasa?

Ni nguo za ndani zinazoushika mwili na kuupa sura fulani kabla gauni halijavaliwa. Wenye fani Ulaya na Marekani waliziita nguo za msingi, kwa maana ile ile ya msingi wa nyumba: gauni lilikatwa kukaa juu ya nguo hizo, wala si juu ya mwili mtupu.

Kwa kipindi hiki zipo tano. Sidiria unaijua. Gadeli ni vazi la kubana linaloanzia kiunoni hadi chini ya makalio au katikati ya mapaja, lenye vibanio vya kushikia stokingi. Korseleti ni sidiria na gadeli vilivyoshonwa kuwa vazi moja. Gepieri ni kipande kifupi kinachobana kiuno peke yake. Mwisho ni mkanda wa stokingi, ambao haubani chochote. Kazi yake ni kuning'iniza stokingi.

Shimizi na gagulo hazimo humu. Shimizi hutelezesha gauni, gagulo hulitanua. Hakuna hata moja inayoushika mwili.

2. Kwa nini mnaanzia 1947?

Tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior alionyesha mkusanyo wake wa kwanza katika 30 Avenue Montaigne, Paris: mabega ya mviringo, kiuno chembamba, nyonga pana, sketi ndefu iliyomeza mita nyingi za kitambaa. Mhariri Carmel Snow wa jarida la Harper's Bazaar aliuita "New Look", na jina likaganda. Kabla ya hapo, wakati wa vita, mabega yalikuwa ya mraba, sketi fupi, na kiuno hakikutiliwa mkazo kiasi hicho.

Kiuno kile hakikuja chenyewe. Mbunifu Marcel Rochas, pia wa Paris, alikuwa ameshatoa gepieri mara tu baada ya vita. Jina la gepieri limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya nyigu. Sisi tunaosifia kiuno cha dondora hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

3. Je, hizi si korseti tu zilizobadilishwa jina?

Gepieri, karibu ndiyo. Gadeli, hapana. Korseti ya mwaka 1900 ni kitambaa kisichovutika, mbavu nyingi za chuma (vijiti bapa vinavyokisimamisha kitambaa), na kamba mgongoni. Inabana kwa kukazwa. Gadeli inabana kwa mpira. Kilichoiwezesha ni Lastex, uzi wa mpira uliozungushiwa pamba au hariri, uliofika sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kabla ya uzi huo mpira ulikuja kama karatasi nzito isiyopitisha jasho, au kama utepe mfupi. Baada yake kitambaa kizima kiliweza kufumwa kikavutika pande zote mbili.

4. Na mkaja je? Si jambo lile lile?

Mkaja hufungwa tumboni baada ya uzazi, huzungushwa na kukazwa kwa mkono, na hufunguliwa siku zake zikiisha. Ni wa afya na malezi ya mzazi. Gadeli ilivaliwa kila siku na mwanamke asiye mzazi, hata msichana wa miaka kumi na sita, kwa sababu ya gauni. Kwa kazi ya fundi tofauti kubwa ni hii: mkaja hubana tumbo kwa usawa, gadeli nzuri hubana sehemu moja na kuiachia nyingine (tazama swali la 9).

5. Vita vilihusika vipi?

Kupitia mpira. Japani ilipoiteka Malaya na Singapore, Februari 1942, Uingereza na Marekani zilipoteza chanzo chao kikuu cha mpira, na uliobaki ukaenda kwenye matairi. Gadeli za wakati huo zina lastiki kidogo mno, kamba na vishikizo vingi, na hulegea upesi.

Njaa hiyo ya mpira ilifika hadi kwetu. Tanganyika, mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi za Wajerumani yalifufuliwa kwa vibarua wa kulazimishwa. Katika Kongo ya Wabelgiji wanavijiji walirudishwa msituni kugema. Anayeshangaa kwa nini gadeli ya 1943 ni kitambaa kitupu akumbuke hilo.

Nailoni nayo, iliyoanza kuuzwa Marekani nzima kama stokingi Mei 1940, ilihamishiwa kwenye miavuli ya askari wa kuruka kutoka ndegeni.

## Sidiria

6. Kwa nini sidiria za wakati ule zimechongoka?

Kwa sababu ya mshono, si sifongo. Kikombe kilikatwa vipande viwili au vitatu, kisha kikapigwa mistari ya duara ndani ya duara kutoka pembeni hadi nchani. Kila mstari wa cherehani hukifanya kitambaa kiwe kigumu zaidi, na duara hizo hukilazimisha kusimama kama pia, yaani kuchongoka. Kampuni ya Maidenform ilitoa sidiria yake ya Chansonette mwaka 1949, na ndiyo mfano unaotajwa zaidi.

Ukiiga, tumia pamba iliyofumwa kwa kubana au satini ya pamba iliyotiwa bitana, na uache milimita 4 hadi 5 kati ya duara na duara. Kitambaa chenye mvutiko hakisimami hata ukipiga duara thelathini. Kosa jingine la kawaida ni ncha tupu: titi halifiki, kikombe kinabonyea mbele. Punguza kikombe saizi moja au jaza ncha kwa pamba kidogo ndani ya kimfuko. Ndivyo walivyofanya wenyewe.

7. Herufi A, B, C na D za saizi ya kikombe zilikuwepo?

Zilikuwepo tangu miaka ya 1930, lakini usiamini saizi ya zamani kwa macho. Sidiria za wakati ule hazikuwa na mvutiko karibu wowote ubavuni. Pima vazi lenyewe likiwa limelazwa, usisome lebo.

## Kupima na kuchagua

8. Napimaje mwili kwa ajili ya gadeli au gepieri?

Unahitaji vipimo sita, mtu akiwa amesimama na kupumua kawaida:

- chini ya matiti;
- kiunoni, pale mwili unapokunjika mtu akiinama ubavu;
- nyonga ya juu, sentimita 8 hadi 10 chini ya kiuno;
- nyonga pana kabisa;
- paja, sentimita 5 chini ya makalio;
- kiuno hadi kiti, mtu akiwa ameketi kwenye kiti kigumu.

Hicho cha mwisho ndicho mafundi husahau, na ndicho kinachoamua kama mvaaji ataweza kuketi. Gadeli ikiwa ndefu kuliko nafasi hiyo, kila akikaa itasukumwa juu na kumchoma chini ya mbavu.

Gadeli hupunguza kiuno sentimita 2 hadi 5. Gepieri iliyoshonwa sawasawa hupunguza 5 hadi 8. Anayetaka zaidi ya hapo anataka korseti, ambayo ni kazi nyingine.

9. Skintaiti au vazi la kisasa la kubana tumbo halitoshi?

Inategemea gauni. Sketi ikiwa pana, huhitaji kitu chochote nyongani. Kiuno ndicho cha kushughulikia, na gepieri au utepe wa ndani (swali la 17) hufanya kazi vizuri kuliko skintaiti. Sketi ikiwa ya penseli, tatizo liko hapa: nguo za kisasa zisizo na mshono hubana kila mahali kwa nguvu ile ile. Tumbo linaingia, lakini nyonga nazo zinaingia, na makalio yanalala. Umbo linakuwa bomba.

Gadeli ya mwaka 1955 imejengwa kwa paneli zenye nguvu tofauti. Mbele ni satini isiyovutika, mara nyingi safu mbili. Ubavuni ni wavu wa lastiki unaovutika kwenda pande. Nyuma ni paneli nyingine inayovutika kwenda juu na chini tu, ili mtu aweze kuinama. Kwa hiyo tumbo linakaa bapa na nyonga inabaki mviringo.

10. Nimeshona gauni kwa patani ya mwaka 1953, vipimo vyote sahihi, na halikai. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea kukata. Ulipima mwili bila nguo ya ndani, kisha ukalivalisha gauni juu ya sidiria laini ya leo. Ncha ya titi kwenye patani hizo iko juu, sentimita 2 au zaidi kupita inapokaa kwenye sidiria ya sasa, na nafasi ya matiti imekatwa kwa umbo la pia, si la duara. Matokeo yake ni mfuko mtupu juu ya titi na mkunjo unaobana chini yake. Wengi huanza kufumua mabega, na hapo gauni linaharibika kabisa.

Nguo ya ndani hutangulia: ichague, ivalishe, pima juu yake, ndipo ukate. Kila jaribio la gauni lifanyike na nguo ile ile. Mteja akija kujaribu na sidiria nyingine, ahirisha.

## Kuvaa

11. Utaratibu wa kuvaa ni upi?

Gadeli kwanza. Paka poda kavu mapajani na kiunoni. Kamwe usipake losheni wala mafuta, kwa sababu huua lastiki. Kunja nusu ya juu ya gadeli kwenda nje, ingia miguu yote, ivute kwa viganja na si kwa kucha hadi ipite makalio, ndipo ukunjue nusu ya juu. Funga kulabu kwanza, zipu baadaye. Zipu ikivutwa kabla ya kulabu inabeba mzigo wote na meno yanaachana.

Kisha sidiria, ukiwa umeinama mbele. Kisha stokingi, shimizi, gagulo, gauni.

12. Mtu anaendaje msalani?

Chupi huvaliwa juu ya mikanda ya vibanio, si chini yake. Unaishusha chupi peke yake na stokingi zinabaki. Gadeli zenye miguu kama kaptula ni habari nyingine: baadhi zina uwazi wa kupishana chini, nyingine hazina, na hizo lazima zivuliwe.

13. Gadeli yangu inajikunja juu, au inapanda. Nifanyeje?

Ikijikunja ukingo wa juu, ama ni ndogo, ama ni fupi kwa kiwiliwili chako, ama mbavu zake zimepinda. Jaribu yenye kiuno kirefu, ile inayopita kiuno kwa sentimita 5 hadi 8. Kuongeza mbavu mbili za chuma ubavuni pia husaidia.

Ikipanda kutoka chini, angalia kama umeifunga stokingi. Vibanio havikuwekwa kwa ajili ya stokingi tu. Stokingi zenyewe huivuta gadeli ikae chini. Anayeivaa na miguu mitupu atakuwa akiivuta siku nzima.

Nyama ikitokeza kati ya sidiria na gadeli, dawa ni sidiria ndefu inayofika kiunoni, au korseleti. Kubana zaidi huongeza tu kinachotokeza.

14. Stokingi zinachanika kila mara nikizifunga.

Kibanio kishike ule upindo mzito wa juu, sio kitambaa chembamba chini yake. Vya mbele funga ukiwa umesimama, vya nyuma ukiwa umeketi, maana hapo ndipo paja linapohitaji nafasi. Tafuta vibanio vya chuma, sita kwa jumla. Vinne vinatosha kwa picha lakini stokingi itazunguka ukitembea. Stokingi za nailoni za wakati huo hazivutiki, hivyo saizi ni urefu wa unyayo kwa inchi: unyayo wa sentimita 24 ni 9½.

## Kushona

15. Nitashonaje gepieri rahisi?

Tuchukue kiuno cha sentimita 72. Unataka kupunguza 5, na kuacha mwanya wa 5 mgongoni kwa kamba. Kwa hiyo vazi kiunoni liwe 62. Ukingo wa juu na wa chini usipunguze chochote ila ule mwanya wa 5. Kosa linaloumiza watu ni kubana kingo.

Urefu 19: tisa juu ya kiuno, kumi chini. Gawa vipande 8, kila kimoja kiunoni 7.75 pamoja na sentimita 1.5 ya mshono kila upande. Kata dril ngumu ya pamba kwa ndani na satini kwa nje. Fua dril kwanza ili imalize kusinyaa. Mstari wa kiuno uende sambamba na uzi wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari kitavutika ndani ya saa moja.

Unganisha vipande kwa sindano namba 90 na mshono wa milimita 2.5, upige mara mbili. Ndani, kiunoni, pitisha utepe mgumu wa sentimita 2 usiovutika. Huu ndio unaobeba nguvu, na gepieri isiyo nao huchanika kwenye mishono. Weka mbavu 12: sita kwenye mishono, mbili kingo za mbele, nne mgongoni, yaani moja kila upande wa safu ya matundu. Kila ubavu uwe mfupi kuliko njia yake kwa sentimita 1, la sivyo utatoboa ukingo. Mbele weka kulabu, nyuma matundu ya chuma kila baada ya sentimita 2.5.

16. Mbavu za chuma sizipati.

Mafundi wengi hutumia vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya za umeme, vipana vya milimita 8 au 9. Kata kichwa, choma ncha kidogo kwa moto iwe mviringo, funika kwa kitambaa. Vinafanya kazi vizuri kuliko plastiki laini inayouzwa kwa mita, ambayo hupinda kwa joto la mwili na kubaki imepinda. Udhaifu wake ni mishono iliyopinda sana, kwa sababu havipindi kwenda pembeni. Hapo chuma cha mzunguko, kilichosokotwa kama springi, hakina mbadala.

17. Gauni la mabega wazi linashuka. Ongeza lastiki juu?

Hapana. Lastiki juu hukata kwapa na gauni bado linashuka. Gauni hilo halining'inii kifuani, linasimama kiunoni. Shona utepe mgumu wa sentimita 2.5 ndani ya kiuno, ushikwe kwenye mishono tu, ufungwe kwa kulabu mbili kabla ya zipu, na uwe mfupi kuliko kiuno cha gauni kwa sentimita 2. Kisha weka mbavu kutoka utepe hadi ukingo wa juu. Nyumba za mitindo za Paris zilijenga hivyo, na magauni mengi ya harusi yanayovutwa juu kila dakika yangepona kwa utepe huo wa bei ndogo.

## Kununua na kutunza

18. Nitajuaje kama ni ya zamani kweli?

Nguo ya Uingereza yenye chapa CC41 ni ya mpango wa serikali ulioanza 1941 na kukoma 1952. Ya Marekani yenye lebo inayotaja asilimia za nyuzi kwa kawaida ni ya Machi 1960 au baadaye, sheria ilipoanza kudai hivyo. Ikiwa na Lycra, nyuzi ya viwandani inayovutika, si ya 1955: Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont aliikamilisha nyuzi hiyo 1958. Zipu ya chuma ni dalili nzuri, lakini zipu hubadilishwa.

19. Lastiki imekufa. Inafufuka?

Haifufuki. Mpira huvunjwa na hewa, mwanga, joto, jasho na mafuta. Ukishakuwa mgumu au wa kunata, umeisha. Paneli za lastiki zinaweza kung'olewa na kuwekwa wavu mpya wenye nguvu kama ile. Kabla hujafumua, chora kila kipande kwenye karatasi, maana kitambaa kilichokufa hupoteza kipimo chake. Lakini iliyo adimu usiiguse, inakili.

20. Kufua na kuhifadhi?

Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kwa mkono, bila dawa ya kung'arisha. Usikamue wala kupiga pasi. Anika kivulini, ikiwa imelazwa. Ifue kila baada ya kuivaa, kwa kuwa jasho linaiharibu kuliko maji.

Pwani kuna adui wawili: joto na kutu. Hifadhi kwenye sanduku mahali penye ubaridi, mbavu zisikunjwe, na weka vipakiti vya kufyonza unyevu. Weka mbali na vitu vya shaba, kwani shaba huharakisha kufa kwa mpira.

21. Naweza kuzipata kwenye mitumba?

Tanzania imepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mitumba, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalosimamia. Kwa ya kuvaa mwilini, shona au agiza mpya iliyonakiliwa. Ya zamani nunua kwa ajili ya kusoma mshono.

## Maswali ya pembeni

22. Zina madhara?

Ganzi au kuwaka kwa nje ya paja ni neva inayobanwa nyongani. Vua mara moja na uongeze saizi. Kiungulia na pumzi fupi ni dalili kwamba imezidi kiunoni. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, vaa fulana nyembamba ya pamba chini yake na usivuke saa nne au tano. Mjamzito asivae. Aliyefanyiwa upasuaji amuulize daktari wake. Mwenye mzio wa mpira aepuke nguo za zamani zote.

23. Ni kweli wanawake walizichoma moto 1968?

Tarehe 7 Septemba 1968, nje ya shindano la Miss America huko Atlantic City, waandamanaji walitupa sidiria, gadeli, viatu virefu na kope bandia ndani ya pipa walilolipa jina la uhuru. Waandaaji walikana kwamba waliwasha moto. Taswira ya moto ilikuzwa na magazeti, wakati ambao vijana walikuwa wakichoma kadi za kuitwa jeshini.

24. Basi ni hayo maandamano yaliyoziua?

Zilishaanza kufa. Mwaka 1959 kiwanda cha Glen Raven cha North Carolina kilitoa taiti zilizounganisha stokingi na chupi. Mtu akishapata taiti hahitaji vibanio, na asiyehitaji vibanio anajiuliza gadeli ni ya nini. Sketi fupi za miaka ya 1960 zikamalizia, kwa kuwa ukingo wa stokingi ulionekana.

25. Nimesikia waliotengeneza gadeli walishona pia nguo za wanaanga. Ni utani?

Si utani. International Latex Corporation, iliyouza gadeli za mpira kwa jina la Playtex, ndiyo iliyopata kazi ya mavazi ya Apollo, na kitengo chake cha Dover, Delaware, kilitengeneza yale yaliyovaliwa mwezini Julai 1969. Baadhi ya washonaji walitoka kwenye laini ya sidiria na gadeli. Kazi yenyewe ilifanana: tabaka za kitambaa na mpira, mshono usioruhusiwa kukosea, na mtu ndani anayepaswa kukunja goti.